Ukitaka Kulalia Usukani, Anza na Siti

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali, Septemba 2025, watu wa huku Tegeta, Mbezi na Bunju, Dar es Salaam, wananiletea baiskeli zao wakitaka jambo moja: walalie usukani kama Remco Evenepoel. Walimwona kwenye simu, mgongo bapa, kichwa kimezama katikati ya mabega, akimkuta na kumpita Tadej Pogačar aliyeondoka kabla yake. Zile ni mbio za kushindana na saa. Kila mtu yuko peke yake barabarani, hakuna mgongo wa mwenzio wa kujifichia upepo. Basi siku hizi ukikutana na mtu mwenye baiskeli ya mbio, ameshafunga eroba, vile vyuma viwili vinavyochomoza mbele ya usukani vikiwa na vikombe vya kuwekea viwiko. Na ana malalamiko: shingo, mabega, au sehemu ambayo mwanaume haitaji mbele za watu.

Mimi si kocha wala daktari wa mifupa. Kazi yangu ni madirisha na milango ya aluminiamu. Kinachowaleta kwangu ni vifaa: nina pima maji, timazi, futi ya chuma isiyodanganya, na kipima nyuzi cha kidijiti ninachokatia kona za fremu. Tena nimezoea kugombana na milimita, kwa sababu dirisha likikosewa milimita tatu halifungi, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya upepo wa kusi wala ya fundi mwashi aliyejenga ukuta umepinda. Baiskeli napanda mwenyewe, alfajiri, kabla karakana haijafunguliwa.

Dogo mmoja wa Bunju alikuja na baiskeli ya mtumba aliyoipata Kariakoo, fremu ya aluminiamu, nzuri tu. Akaniambia, “Kaka, shusha usukani mpaka mwisho. Mwili wangu laini, nitazoea.”

“Hatugusi usukani leo, dogo. Panda kwanza nikuone.”

Alinitazama kama nimemnyima chakula. Lakini kila anayekuja ana wazo hilohilo, kwamba mkao wa mbio za saa unatengenezwa mbele. Unatengenezwa nyuma. Fikiria una picha ya mtu aliyekaa vizuri kwenye baiskeli ya kawaida ya mbio, imepigwa ubavuni. Choma pini kwenye ekseli ya pedali, ile ya katikati ya fremu ambayo pedali zote mbili zinaizunguka, kisha izungushe picha nzima kuelekea mbele. Mgongo umelala, kichwa kimeshuka, lakini kati ya paja na kiwiliwili hakuna kilichobadilika. Huo ndio mkao unaotafutwa. Sasa chukua picha ileile, usiizungushe, ila mvute yule mtu kifua chini huku makalio yakibaki pale pale. Nyonga inajikunja. Goti likipanda linakuta tumbo, pumzi inakosa pa kwenda, na msuli wa makalio, ambao ndio injini yenyewe, unasukuma ukiwa umebanwa. Mtu wa namna hiyo anaonekana mkali kwenye picha, na akifika Mapinga ameshakaa wima.

Kwa hiyo siti inakwenda mbele na inapanda juu. Kiasi gani? Hapa ndipo ninapoipenda hii kazi, maana ni hesabu za kona tu. Kwenye baiskeli ya kawaida ya barabarani bomba la fremu linaloelekea kwenye siti limelala nyuzi 73 hivi ukipima kutoka usawa wa ardhi. Baiskeli zilizoundwa kwa mbio za saa hukaa kama nyuzi 76 hadi 80. Siti ya yule dogo ilikuwa sentimita 72 kutoka ekseli ya pedali. Ukitoka nyuzi 73 kwenda 77 kwa urefu huo, unasogea mbele karibu sentimita 5 na unapanda sentimita 1.3. Asiyependa hesabu ashike hivi: kila sentimita moja mbele, inua siti milimita tatu kasoro kidogo. Usipoinua, mguu unakuwa mfupi na goti litakulalamikia kwa mbele.

Sentimita 5 zinatoka wapi kwenye baiskeli ambayo haikuundwa kwa kazi hiyo? Bomba lake la siti, lile linalochomolewa kwenye fremu, lilikuwa lenye shingo inayorudi nyuma milimita 20. Tulilichomoa, tukaligeuza, shingo ikatazama mbele. Hapo tayari milimita 40, kwa sababu zile 20 za nyuma zimefutwa na nyingine 20 zimeongezeka mbele. Kumi zilizobaki tukazipata kwa kusogeza siti kwenye reli zake. Gharama yake sifuri. Kuna mabomba ambayo ukiyageuza, kishikio cha juu hakikubali siti ilale sawa, inabaki pua juu. Hilo likitokea acha, tafuta bomba lililonyooka. Na ukiinua, angalia ule mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba, usiuvuke hata kidogo.

Kabla ya yote hayo nilipima na kuandika. Urefu wa siti. Pua ya siti iko wapi ukiangusha timazi kuelekea ekseli. Kutoka pua ya siti hadi nyuma ya vikombe. Tofauti ya kimo kati ya siti na vikombe. Nikazungushia utepe wa karatasi kwenye bomba na kuweka alama kwa kalamu. Mtu akisema “zamani nilikuwa naenda vizuri”, nataka niweze kumrudisha zamani.

Kisha ulalo wa siti. Huyu pima maji ndiye mwenyewe. Weka ubao mwembamba juu ya siti, pima maji juu ya ubao, anza na siti iliyolala sawa kabisa. Ukilala mbele, nyonga nayo inazunguka mbele, na uzito unaotakiwa kukaa kwenye mifupa miwili ya makalio unahamia kwenye nyama laini ya mbele, penye mishipa. Ganzi ya huko si ushujaa. Wanaume wanaichekea, wanawake wengi wanaacha baiskeli kimyakimya kwa sababu hiyo. Shusha pua nyuzi mbili au tatu, panda, sikiliza. Ukiona unateleza mbele na mikono inafanya kazi ya kukurudisha nyuma, umezidisha. Zipo siti zisizo na pua kabisa, zilizogawanyika mbele mithili ya uma, na kwa mkao huu zinasaidia wengi, ila bei yake ukiisikia unaweza kuamua ganzi si mbaya sana.

Hapo sasa ndiyo tunafika mbele. Vikombe vya viwiko hatuviweki kwa macho ya Evenepoel. Mtu akiwa amelala, ule mkono wa juu, kutoka bega hadi kiwiko, uwe karibu wima, kiwiko kikiwa chini ya sikio au mbele yake kidogo. Ukiwa hivyo, uzito wa kichwa na kifua unashuka kwa mfupa mpaka kwenye kikombe, na msuli unapumzika. Vikombe vikiwa mbali, mtu ananing’inia kwa mabega, na baada ya robo saa mabega yanawaka. Vikiwa karibu mno, magoti yanagonga viwiko. Kikombe kishike mkono mbele kidogo ya kiwiko, pale penye nyama kidogo, wala si kwenye ncha ya mfupa. Upana nao usiige. Viwiko vilivyobanana vinapendeza, lakini kuna watu kifua kinafunga na baiskeli inaanza kuyumba, na kwenye barabara zetu baiskeli inayoyumba inaishia chini ya bajaji.

Zile fimbo za mbele nazipenda zikiinuka kidogo, mikono iwe juu kuliko viwiko. Mtu anapata kitu cha kuvuta na kichwa kinapata kivuli cha mikono. Kama unashindana kwenye mbio zinazofuata kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, soma vipimo vyao kwanza, wana mipaka ya urefu na mwinuko kulingana na kimo chako.

Shingo ya usukani, yaani kushusha mbele, inakuja mwisho, na mara nyingi haiji kabisa. Dada mmoja mhasibu anayejiandaa na triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, aliletwa na maumivu ya shingo. Mtu mwingine alikuwa amemshushia vikombe mpaka chini kabisa, amemtolea washa zote, zile pete zinazonyanyua vikombe. Nilimweka kwenye stendi, gurudumu la nyuma limefungwa, akapiga pedali, nami nikamrekodi kwa simu kutoka ubavuni, kamera kwenye kimo cha nyonga. Ukiangalia video polepole huhitaji elimu kubwa: kila baada ya dakika mbili alikuwa ananyanyua kifua, anapumua, anarudi. Kichwa kilikuwa kinakunjwa nyuma ili macho yaone mbele. Shingo gani itavumilia hivyo kwa saa mbili na nusu?

“Dada, tunapandisha.”

“Kaka, si nitakuwa napigwa na upepo zaidi?”

Tukapandisha sentimita mbili na nusu kwa washa, tukavuta vikombe nyuma kidogo. Kwenye video ya pili kichwa kilizama chenyewe, mabega yakajikunja kuelekea masikioni. Akipigwa picha moja tu utasema ni mkubwa zaidi mbele ya upepo kuliko alivyokuwa. Ila sasa alikaa hivyo mpaka mimi nikachoka kushika simu. Na upepo hauangalii picha moja, unahesabu kila dakika uliyokaa wima ukipumzisha shingo.

Kwa nini tuhangaike hivi? Kwa sababu ya hesabu moja isiyo na huruma. Kwenye tambarare, mtu peke yake akienda karibu kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zake zinaliwa na hewa, na sehemu kubwa ya hiyo hewa inagonga mwili wake, si baiskeli. Nguvu ya kuishinda hewa inakwenda kwa kasi mara kasi mara kasi. Kutoka kilomita 36 kwa saa hadi 40 ni ongezeko la asilimia 11 tu la mwendo, lakini hewa inadai asilimia 37 zaidi. Miguu haiongezeki asilimia 37 kwa mazoezi ya msimu mmoja. Mkao unaweza kukupa sehemu ya hiyo bure. Mwaka 1989, siku ya mwisho ya Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, Greg LeMond alikuwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 za mbio za saa kuingia Paris. LeMond alikuwa na eroba, Fignon hakuwa nazo. LeMond akachukua Tour kwa sekunde 8.

Lakini ninayempenda mimi ni Graeme Obree wa Scotland, kwa sababu alikuwa fundi. Aliunda baiskeli yake mwenyewe, ndani yake akatia beringi za mashine ya kufulia nguo. Alikunja mikono chini ya kifua kabisa, na tarehe 17 Julai 1993, Hamar, Norway, akaenda kilomita 51.596 ndani ya saa moja, rekodi ya dunia. Siku moja kabla alikuwa amejaribu na kushindwa. Haikupita wiki, Chris Boardman akamnyang’anya. UCI wakaupiga marufuku ule mkao mwaka uliofuata. Obree akarudi na mwingine, mikono imenyooshwa mbele yote, nao baadaye ukapigwa marufuku. Watu wakubwa na maabara zao, na yeye na beringi za kufulia. Sisemi mtu akunje mikono chini ya kifua barabara ya Bagamoyo, tafadhali.

Maana barabara yenyewe tunaijua. Ukilala kwenye eroba mikono iko mbali na breki. Bodaboda akikata mbele yako kutoka kituoni, una muda wa kusema jina la Mungu tu. Mimi nalala baada ya kuvuka Mto Mpiji, alfajiri, barabara ikiwa nyeupe, na hata huko matuta na rasta vinakuja pasipo taarifa. Tuta unalikaribia ukiwa umeshashika usukani wa kawaida, vidole kwenye breki. Rasta zinatikisa vikombe mpaka bolti zinalegea, kwa hiyo angalia bolti za eroba mara kwa mara, na uzikaze kwa kiasi kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe. Usukani wa kaboni usiufunge eroba kama mtengenezaji hakuruhusu. Unaweza kupasuka bila kuonyesha dalili.

Jambo jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawaliandiki: jasho. Mkao huu unalidondosha lote mahali pamoja, juu ya stemu, yaani ile shingo ya usukani, na bolti zake. Jasho lina chumvi, hewa yetu ya pwani nayo ina chumvi, na bolti ikishika kutu ndani ya aluminiamu utanitafuta na drili. Zifungue, zipake grisi, zirudishe. Sifongo za vikombe zifuliwe. Nimeshapokea baiskeli ambayo tuliifanyia kazi nje, chini ya mwembe, kwa sababu ya harufu ya sifongo tu. Na chupa ya maji iwe katikati ya mikono, mrija karibu na mdomo, kwani mtu anayelazimika kunyanyuka ili anywe, kwa joto letu, ama atapoteza mkao ama ataacha kunywa. La pili ndilo baya. Hizo kofia ndefu zisizo na matundu sizishauri Dar kwa mbio za zaidi ya saa moja. Ni maoni yangu.

Faida tunayo moja ya asili. Hewa ya moto na unyevu ni nyepesi. Kwa nyuzi joto 30 hapa usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 6 kuliko ile ya nyuzi 15 inayotumika kwenye vitabu. Jua linakupokonya nguvu, hewa inakurudishia kidogo.

Ukitaka kujua kama mkao mpya ni wa kasi kweli, usijipime siku moja kuelekea Bagamoyo ukafurahi. Msimu wa kusi upepo unakusukuma mgongoni ukienda kaskazini, utajiona bingwa hadi Kerege. Kugeuza ndiko kwenye ukweli. Kaskazi ni kinyume chake. Pima kwenda na kurudi, saa ileile, tairi zenye upepo uleule, nguo zilezile, maana shati linalopepea linaweza kula faida yote uliyoitafuta kwa milimita. Mwenye kipima wati, kifaa kinachopima nguvu ya miguu, aangalie wati na kasi kwa pamoja. Asiye nacho atafute mteremko mfupi usio na magari, aachie baiskeli ishuke bila kupiga pedali kutoka alama moja, mara kadhaa kwa kila mkao, asome kasi aliyofika nayo chini.

Dogo wa Bunju alirudi. Usukani hatukuushusha, na hajauliza tena. Ila fremu ya barabarani ikisogezewa siti mbele kiasi kile, uzito mwingi unahamia gurudumu la mbele, na akisimama kupanda kilima usukani unamkaribia mno. Hilo halina dawa ya bure. Fremu za mbio za saa zimeundwa ndefu mbele kwa sababu hiyo. Kinachobaki ni nyonga. Akishuka zaidi kwenye vikombe goti bado linagusa mbavu za chini, na mikono yake ya pedali, vile vyuma vinavyounganisha pedali na ekseli, ni ya milimita 172.5. Tukiweka ya 165, siti itapanda milimita 7.5 ili mguu wa chini ubaki ulivyo, na goti la juu litapata nafasi ya milimita 15. Hapo ndipo nitakubali kuzungumza habari ya kushusha usukani.

Kariakoo nimezunguka, wote wana 170 na 175. Mwenye mikono ya pedali ya 165 ya mtumba, gia mbili mbele, hata ikiwa imechubuka, aniambie bei. Ekseli yetu ni ya milimita 24.